Kwa Nini Mama Lazima Aondoke? Hukumu ya Jamii katika Melodrama za Mwanzo za Sinema

Mwaka 1908 mwandishi wa Kifaransa Alexandre Bisson alipandisha jukwaani, mjini Paris, tamthilia ya mwanamke asiyetaka kutaja jina lake. Aliwahi kuiacha nyumba ya mumewe akamfuata mwanamume mwingine. Aliposikia mwanawe mdogo anaumwa alirudi, mume akamfukuza. Miaka ikapita, naye akazidi kuporomoka. Siku tapeli mmoja alipogundua yeye ni mke wa nani na kutaka kuitumia siri hiyo kujipatia fedha, alimuua, ili mwanawe asije akajua mama yake amekuwa mtu wa namna gani. Kortini anakaa kimya. Wakili kijana aliyepangiwa kumtetea ni mwanawe wa kumzaa, wala hana habari.

Hadithi hiyo, inayojulikana zaidi kwa jina la Madame X, ilifanywa filamu Marekani mwaka 1916, ikarudiwa 1920, 1929 na 1937. Mara nne ndani ya miaka 21. Na haikuwa peke yake. Kuanzia Stockholm hadi Hollywood hadi Shanghai, sinema ya miongo ile ilijaa akina mama wa aina hii: anajinyima, anadhalilika, anamkabidhi mtoto kwa watu wengine, kisha anajifuta kabisa katika maisha ya mtoto huyo ili jina lake lisimchafue. Mtoto anakuwa wakili, daktari, au bibi harusi wa nyumba kubwa. Mama anabaki nje.

Ukiuliza kwa nini, utaambiwa uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kwamba watu hupenda kulia sinema. Yote mawili ni kweli, lakini hayatoshi. Mapenzi ya mama hayamlazimu mtu kutoweka. Mama anaweza kumpenda mwanawe na wakala meza moja hadi uzeeni. Kinachomtoa mama katika filamu hizi ni watu: majirani, wazazi wa watoto wenzake shuleni, mwalimu mkuu, baba mwenye nyumba, bodi ya misaada kwa maskini, jaji. Mapenzi yanaingia baadaye, mama anapoamua kuilipa yeye mwenyewe faini wanayotoza watu hao ili mtoto asilipe. Na hapo ndipo penye fundo. Filamu hizi zinamsuta hakimu waziwazi, zinamwonyesha kuwa mkatili, mnafiki au mjinga, lakini hukumu yake haziifuti.

Mtazamaji anayejua kuliko jaji

Melodrama, yaani mchezo wa kuamsha hisia kali, haikuanzia kwenye sinema. Ilikomaa katika majumba ya maonyesho ya Paris baada ya Mapinduzi ya Ufaransa, karibu na mwaka 1800, ikaenea Uingereza na Marekani. Mhimili wake ni mmoja: mtu mwema hatambuliki. Anadhaniwa mwizi, malaya au msaliti, na mchezo mzima ni safari ya kufikia siku ukweli utakapoanikwa hadharani. Ndiyo maana kesi ya mahakamani huiendea vizuri sana, na ndiyo maana pia picha ya zamani, barua au leso iliyoangushwa ina uzito mkubwa kuliko maneno.

Filamu za kimya ziliurithi mtindo huo zikauzidisha. Kwa kuwa hapakuwa na sauti, mambo yote ya moyoni yalibebwa na uso na mikono. Kamera ilipomsogelea mwigizaji, mtazamaji wa kiti cha senti chache aliona machozi ambayo wahusika wengine, waliompa mama mgongo, hawakuyaona. Sisi tunajua kwamba amekaa kimya kwa ajili ya mtoto. Jaji hajui. Mtoto mwenyewe hajui. Tunageuzwa mashahidi ambao hakuna anayewaita kizimbani, na sehemu kubwa ya kilio chetu inatokana na hilo: tuna ushahidi na hatuna pa kuupeleka.

Mbinu hii ina ujanja wake. Inamruhusu mtazamaji ajione mwenye huruma. Mtu yuleyule ambaye asubuhi alimpita mwanamke aliyezaa nje ya ndoa bila kumsalimu, jioni analia kwa ajili ya mwanamke kama huyo kwenye turubai, kwa sababu huyu amemwona kwa ndani. Wa mtaani kwake hajawahi kumwona hivyo.

Mama asiye na doa

Mwaka 1913 Mswidi Victor Sjöström aliongoza Ingeborg Holm, kutokana na tamthilia ya Nils Krok. Hilda Borgström anaigiza mke wa mtu mwenye maisha ya kawaida, watoto watatu, na duka la vyakula ndiyo kwanza wanalifungua. Mume anakufa kwa kifua kikuu. Duka linafilisika. Mjane anakwenda kuomba msaada, na utaratibu wa wakati huo unamwingiza katika nyumba ya maskini huku watoto wakigawiwa kwa familia za kuwalea. Binti yake anaugua; mama anatoroka kwenda kumwona, polisi wanamrudisha. Siku mtoto wake mdogo kabisa analetwa kumtembelea, mtoto hamjui. Anamng'ang'ania yule mlezi. Akili ya Ingeborg inaruka, anaanza kubembeleza mtoto asiyekuwepo, na inachukua miaka 15 hadi mwanawe mkubwa, sasa baharia, arudi na kumwonyesha picha yake ya ujana.

Nimeitazama filamu hii na kinachoshangaza ni utulivu wake. Sjöström haisogezi kamera, hampi mtu yeyote sura ya shetani. Wajumbe wa bodi ni watu wa kawaida wanaojaza fomu. Hukumu inatolewa kwa sauti ya chini, kwa kalamu, na hakuna hata mmoja anayemchukia huyo mama. Filamu ilizua mabishano makali katika magazeti ya Sweden kuhusu sheria ya maskini, na sheria hiyo ilipokuja kubadilishwa mwaka 1918, wengi waliikumbuka filamu hiyo kuwa mojawapo ya vitu vilivyochochea mjadala.

Ila tuangalie ni mama gani aliyeweza kuamsha mjadala huo. Ingeborg hana kosa. Aliolewa, akazaa ndani ya ndoa, akafiwa. Hakuna pa kumshika, kwa hiyo lawama yote inabaki kwa serikali. Hali ilikuwa hivyohivyo nje ya sinema. Jimbo la Illinois nchini Marekani lilipitisha mwaka 1911 sheria ya kuwapa posho wazazi maskini ili wasitenganishwe na watoto wao, na ilipofika 1920 majimbo karibu 40 yalikuwa na sheria za namna hiyo. Lakini posho ilikuwa ya mama anayestahili. Maofisa walipita majumbani kukagua usafi, wageni, mwenendo. Wajane ndio waliopewa kwa wingi; aliyezaa bila ndoa aliachwa katika majimbo mengi, na mama Mweusi mara nyingi hakufikiriwa kabisa. D. W. Griffith aliwachora wakaguzi wa aina hii kwa chuki ya wazi katika Intolerance ya 1916, ambamo mabibi wa kurekebisha jamii wanamnyang'anya mama kijana mtoto wake kwa madai kwamba hafai kulea.

Mtoto lazima afe, au mama lazima aondoke

Griffith huyohuyo ndiye aliyetoa Way Down East mwaka 1920, naye alilipa fedha nyingi kununua haki ya tamthilia ambayo wajuzi wa mjini waliiona imepitwa na wakati. Lillian Gish ni Anna Moore, msichana wa mashambani anayedanganywa na tajiri kwa ndoa ya bandia. Mimba inapoonekana, mwanamume anamwambia hakukuwa na ndoa yoyote. Anna anajifungulia katika nyumba ya kupanga. Mtoto anazidiwa, na hakuna wa kumbatiza, hivyo mama anachukua maji akambatiza kwa mkono wake mwenyewe. Mtoto anafia mikononi mwake. Kisha mwenye nyumba anamwambia aondoke, kwa sababu hana mume na nyumba yake ni ya heshima.

Watu wengi huikumbuka filamu hii kwa Gish aliyelala juu ya barafu inayokatika mtoni, mkono na nywele zikiburuzwa majini, picha zilizopigwa kwenye baridi ya kweli huko Vermont. Mimi naona kilele kiko mapema zaidi, mezani. Anna amepata kazi kwa familia ya wakulima wacha Mungu. Mmbea wa kijiji amepata habari za yule mtoto na amekimbia kwenye theluji kuzifikisha. Baba mwenye nyumba anamwonyesha Anna mlango katikati ya dhoruba. Anna anakaribia kutoka, kisha anageuka. Mbona mmeuliza habari zangu tu? Anamnyooshea kidole mgeni wa heshima aliyekaa pale akila. Ndiye baba wa mtoto.

Katika melodrama nyingi za mama, mwanamume haitwi kortini kabisa. Amepotea, amekufa, au ameoa kwingine na kuwa mtu mzito. Griffith, ambaye kwa mambo mengine alikuwa na fikra za karne ya 19, hapa alimweka mtuhumiwa wa pili mezani na kumlazimisha kila mtu amtazame. Lakini tazama bei. Anna anapata msamaha na mume mwema kwa masharti mawili: kwanza, aliamini kwamba ameolewa, kwa hiyo nia yake ilikuwa safi, pili, mtoto amekufa. Angekuwa hai, sijui harusi ile ya mwisho ingefungwaje. Kanuni haikuandikwa popote, ila ukizitazama filamu nyingi kwa pamoja inajitokeza. Mama mwenye doa na mtoto aliye hai hawawezi kuingia kwa pamoja katika nyumba yenye heshima. Mmoja lazima atoke.

Zile ambazo mtoto anabaki hai zinamtoa mama. Katika The Sin of Madelon Claudet ya 1931, iliyompa Helen Hayes tuzo ya Oscar, mama anauza mwili ili mwanawe asomee udaktari, na mwana anaamini mama alikwisha kufa. Jambo ambalo hutajwa kwa nadra ni kwamba hadithi yote inasimuliwa na rafiki wa familia kwa mke wa daktari huyo, anayetaka kuondoka kwa sababu mumewe hana muda naye. Mateso ya mama mmoja yanageuzwa mawaidha ya kumtuliza mke mwingine.

Tangu 1930 viwanda vya filamu vya Marekani vilikuwa na kanuni za maadili, na kuanzia katikati ya 1934 zikasimamiwa kwa ukali: dhambi isipambwe, mkosaji asiachwe bila adhabu. Waandishi walijua kuzungukia kanuni. Ukitaka kumwonyesha mwanamke aliyeishi nje ya mstari, na kumwonyesha kwa huruma, ulipe kwa mwisho wake. Kujitoa kwa mama kulikuwa adhabu iliyovaa kanga ya fadhila, nayo ilimridhisha mkaguzi na mtazamaji kwa mpigo mmoja.

Mwaka huohuo wa 1934 ilitoka Imitation of Life, ambamo Louise Beavers ni Delilah, mama Mweusi ambaye binti yake ni mweupe kiasi cha kuweza kupita kama Mzungu. Binti anamkana mama yake mbele za watu. Hapa mama hana kosa lolote la mwenendo. Doa lake ni rangi yake, na hata hivyo hadithi inamtaka aondoke. Anakufa kwa uchungu, binti anafika kulilia jeneza. Filamu iliwagusa wengi, lakini wahakiki Weusi waliuliza mapema kwa nini Delilah, mwenye mapishi yaliyomletea mwajiri wake Mzungu utajiri, ndiye aliyebaki chini ya ngazi ya nyumba ileile. Fredi Washington, aliyemwigiza binti, katika maisha yake hakukubali kamwe kujipitisha kama Mzungu.

Shanghai, 1934 na 1935

Filamu ya Wu Yonggang, Shennü, iliyotolewa 1934 na kampuni ya Lianhua, naiweka juu ya nyingine zote nilizozitaja. Ruan Lingyu ni mama asiyepewa jina anayejiuza usiku mitaani Shanghai ili amlee mwanawe. Mhuni mmoja amejifanya bwana wake na kumnyang'anya mapato. Yeye anaficha akiba kwenye tundu la ukuta kwa ajili ya ada. Mtoto anaanza shule, anafanya vizuri, anapanda jukwaani kwenye tamasha la shule, na mama ameketi kati ya wazazi wengine, uso umejaa furaha. Kisha mnong'ono unapita kutoka kiti hadi kiti. Barua za malalamiko zinafika shuleni.

Mwalimu mkuu mzee anakwenda nyumbani kuchunguza. Anatoka amebadilika. Mbele ya bodi anasema kwamba hali ya mama ni tatizo la jamii nzima, na kwamba kumnyima mtoto elimu kwa ajili hiyo si haki. Bodi inakataa. Anajiuzulu. Mama anataka kuhama na mtoto, anakuta tundu la ukuta ni tupu, anamuua yule mhuni kwa chupa na kufungwa miaka 12. Mwalimu anamtembelea gerezani, anaahidi kumlea mtoto, na mama anaomba jambo moja: mwambie mama yake alikufa.

Kwa hiyo mama anajificha kwa mwanawe, kama yule wa tamthilia ya Paris. Tofauti ni kwamba Wu Yonggang anampa mtu wa heshima nafasi ya kusema hoja yote kwa ukamilifu, kisha anatuonyesha kwamba hoja nzuri peke yake haishindi bodi. Mwalimu yule ni sisi watazamaji, akiwa ameruhusiwa kuingia ndani ya filamu na kutoa ule ushahidi tuliokuwa nao. Anautoa, wanapiga kura, basi.

Mwanzoni mwa 1935 Ruan aliigiza tena mama, katika filamu ya Cai Chusheng, Xin nüxing: mwandishi anayefikia hatua ya kujiuza kwa ajili ya binti mgonjwa, ambaye magazeti yanamchafua hadi anajiua. Waandishi wa habari wa Shanghai walikasirishwa na jinsi walivyochorwa. Wakati huohuo mwanamume aliyewahi kuishi na Ruan alimfikisha mahakamani, na magazeti yakaishi kwa habari za chumbani kwake. Alijiua tarehe 8 Machi 1935, akiwa na miaka 24. Umati mkubwa ulijaa barabarani kumsindikiza. Wengi wao bila shaka walikuwa wateja wa magazeti yaleyale, na walikuwa wameshamlilia sinema kwa jambo hilohilo.

Ubishi juu ya Stella

Wahakiki waliporudi kwenye filamu hizi miaka ya 1980, ugomvi ulikuwa juu ya Stella Dallas, riwaya ya Olive Higgins Prouty iliyofanywa filamu ya kimya na Henry King mwaka 1925, kisha ya sauti na King Vidor mwaka 1937, Barbara Stanwyck akiwa Stella. Stella hajauza mwili wala hajaua mtu. Kosa lake ni la tabaka: ni binti wa familia ya wafanyakazi wa kiwanda, ameolewa na bwana wa juu, anacheka kwa sauti kubwa na anavaa vitu vyote kwa wakati mmoja. Anaandaa sherehe ya kuzaliwa ya binti yake Laurel. Mwalimu amemwona Stella kwenye treni akifanya mzaha na mlevi mmoja, na wageni, mmoja baada ya mwingine, wanatuma udhuru. Mama na binti wanakaa kwenye meza iliyopambwa, wawili tu. Baadaye, kitandani ndani ya behewa la kulala, Stella anawasikia wasichana wakimcheka. Laurel naye amesikia, anajifanya amelala. Kila mmoja anamlinda mwenzake asijue kwamba amejua.

Ndipo Stella anaigiza. Anajifanya amemchoka binti, anawasha sigara, anapiga santuri, ili Laurel aende kwa baba na mke wake mpya. Siku ya harusi Stella amesimama nje ya uzio, mvua inanyesha, akitazama dirishani. Askari anawaambia watu watawanyike; anamwomba amwache aone uso wa binti yake akibusiwa. Kisha anaondoka akitembea kuja kwetu, anatabasamu.

E. Ann Kaplan aliona kwamba filamu inamfundisha mwanamke mahali pake: awe mtazamaji wa maisha ya mwanawe, nje, na aridhike. Linda Williams alijibu mwaka 1984 kwamba mtazamaji mwanamke hamezi hivyo. Anaona kwa macho ya Stella, ya Laurel, na hata ya yule mama wa kambo, aliyehakikisha pazia linaachwa wazi. Anaona pia jinsi mambo hayo yanavyogongana, na kugongana huko ndiko kunakouma. Stanley Cavell akaenda mbali zaidi: mwanamke anayemshonea binti yake nguo za staha kama zile anajua fika staha ni nini, kwa hiyo anapojivika mapambo mengi huenda anachagua.

Mimi naegemea kwa Williams, ila si kwa sababu ya nadharia. Ushahidi wangu ni redio. Mwaka uleule wa 1937 ulianza mchezo wa redio wenye jina hilohilo, ukijitangaza kuwa mwendelezo wa hadithi ile, na ukadumu hadi 1955. Humo Stella hakutoweka. Kila mchana wa siku za kazi, kwa dakika 15, alikuwepo: anakosana na wakwe, anamshauri Laurel, anaingilia yasiyomhusu, anamwokoa mkwewe kwenye balaa moja hadi nyingine, kwa lafudhi yake ileile ya watu wa chini. Wasikilizaji, wengi wao wanawake waliokuwa majumbani wakifua na kupika, walimrudisha ndani ya nyumba wakamweka humo miaka 18.